Gari Likionyesha Kikombe: Somo Kuhusu Usingizi wa Dereva

Mwezi huu tunaomba tukae pamoja juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya, nalo ni usingizi wa mtu aliyeshika usukani. Tutaeleza jinsi magari ya siku hizi yanavyoweza kuutambua usingizi huo, yanafanya nini yakiutambua, na ni wapi uwezo wake unapokoma. Msiseme, "Sisi hatuna gari." Kila familia hupanda basi, hukodi Hiace ya kwenda msibani, au ina kijana anayeendesha lori au bodaboda. Somo hili ni la kila nyumba.

KISA KILICHOTUFUNDISHA

Alfajiri ya Jumapili moja tulipokea hospitalini kwetu watu sita wa familia moja. Walikuwa wakirudi kutoka msibani. Gari lao lilitoka barabarani taratibu, mahali paliponyooka, bila mvua wala gari jingine mbele yao, likagonga mti. Askari wa usalama barabarani aliyewaleta alituambia kwamba hakuona juu ya lami hata alama moja ya breki. Watano tuliwatibu wakapona, ingawa mmoja wao hata leo anatembelea gongo. Wa sita, mama mzazi wa dereva, hakuiona asubuhi.

Siku ya tatu dereva alituambia, "Sista, mimi sikulala. Nilifumba macho kidogo tu." Tukamwuliza mara ya mwisho alilala lini, kisha tukahesabu pamoja naye. Ijumaa alishinda kazini. Usiku wake akaendesha gari hadi msibani, akakesha na ndugu. Jumamosi akashika jembe pamoja na vijana kuchimba kaburi, wakazika. Jioni akala, akaaga, akawasha gari ili Jumapili apumzike kwake. Alikuwa amekaa zaidi ya saa 40 bila kulala.

Mkewe, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, alikumbuka jambo jingine. Kabla ya ajali gari lilitoa mlio, na kwenye dashibodi pakawaka picha ya kikombe chenye mvuke. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalikuwa ya lugha ya kigeni, maana gari lilinunuliwa likiwa limeshatumika ng'ambo. Walicheka, na mmoja wao akasema, "Hata gari linataka chai." Baada ya muda kikombe kikawaka tena. Kisha abiria wote wakalala.

Hatusimulii kisa hiki ili kumhukumu ndugu yetu. Alikuwa akitimiza wajibu wa mtoto wa kiume na wa baba wa familia. Tunakisimulia kwa sababu gari lilimwona kabla ya watu kumwona, likasema, lakini humo ndani hapakuwa na mtu aliyeielewa lugha yake.

USINGIZI HAUOMBI RUHUSA

Mtu aliyechoka sana hulala hata kama hataki. Ubongo hujifunga wenyewe kwa sekunde chache, mara nyingine macho yakiwa wazi, kisha hufunguka tena. Mwenyewe hujiona hakulala, ndiyo maana husema, "Nilifumba macho kidogo tu." Sasa tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akipitiwa na usingizi kwa sekunde 4, gari limekwenda karibu mita 90 bila mtu wa kuliongoza. Huo ni karibu urefu wa uwanja wa mpira. Na kwa kuwa aliyelala hakanyagi breki, kishindo huwa kikubwa.

Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani. Saa hiyo humvuta mtu alale hasa kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, na mara ya pili, kwa nguvu ndogo zaidi, kati ya saa 8 na saa 10 alasiri. Dereva mwenye uzoefu wa miaka 20 huvutwa sawasawa na yule aliyepata leseni juzi.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi za Ulaya ndicho mpaka wa sheria kwa dereva. Akifikisha saa 24 huwa kama mwenye asilimia 0.10. Sisi sote tungemnyang'anya mlevi funguo. Lakini aliyekesha tunampa mikono na kumwambia, "Safari njema."

GARI HUUONAJE USINGIZI?

Gari halina akili ya muuguzi, ila lina uvumilivu wa kuangalia bila kuchoka. Ziko njia tatu kuu ambazo watengenezaji huzitumia.

1. Kuangalia mikono kwenye usukani. Dereva aliye macho huurekebisha usukani kidogo kidogo wakati wote. Anayesinzia huuacha kwa muda, gari linaanza kwenda upande, naye anashtuka na kuuvuta kwa ghafla. Mercedes-Benz walianza kuweka chombo cha namna hiyo mwaka 2009, wakakiita Attention Assist. Mwanzoni mwa safari kompyuta ya gari hujifunza jinsi dereva yule anavyoendesha, halafu hulinganisha. Ikiona tabia imebadilika, hutoa mlio na kuonyesha kikombe.

2. Kuangalia mistari ya barabara. Kamera ndogo huwekwa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kile kioo cha kutazamia nyuma. Hutazama mistari iliyochorwa barabarani na kuona kama gari linayumba kati yake. Volvo walileta chombo cha namna hii mwaka 2007, nacho huanza kazi gari likipita mwendo wa kilomita 65 kwa saa. Magari mengi ya kawaida yamekuja kuwa na kamera kama hiyo.

3. Kuangalia macho yenyewe. Hapa kamera humtazama dereva usoni. Hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho yetu, ili ifanye kazi hata usiku. Mtu aliye macho hupepesa kope kwa muda usiofika nusu sekunde. Anayesinzia kope zake hushuka polepole na kukaa chini. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1994 uliwapa wataalamu kipimo kizuri: kuhesabu ni sehemu gani ya muda ambayo kope zimefunika jicho kwa asilimia 80 au zaidi. Sehemu hiyo ikiongezeka, usingizi umekaribia.

Vipo pia vyombo vinavyofungwa katika malori na mabasi ambayo tayari yako barabarani. Kampuni ya Seeing Machines ya Australia hutengeneza kimoja kiitwacho Guardian. Macho ya dereva yakifumba, chombo hupiga kelele na kukitikisa kiti chake. Tena picha hutumwa kituoni, ambako watu wanaokesha kwa zamu huitazama na kuwaarifu wenye gari. Hapo usingizi wa dereva haubaki siri yake peke yake, na mwajiri hawezi kusema hakujua.

KIKOMBE KIKIWAKA MMESHACHELEWA

Nchi za Umoja wa Ulaya zimelifanya jambo hili kuwa sheria. Tangu tarehe 6 Julai 2022 kila aina mpya ya gari inayoidhinishwa huko lazima iwe na chombo cha kumwonya dereva anayesinzia, na tangu tarehe 7 Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa, liwe dogo, basi au lori.

Sheria hiyo ina jambo moja tunaloomba mlikumbuke. Kupima usingizi wanatumia ngazi iliyotengenezwa Sweden mwaka 1990, yenye daraja 1 hadi 9. Daraja la 1 ni mtu aliye macho kabisa. Daraja la 9 ni mtu anayepigana na usingizi kwa nguvu zake zote. Gari linatakiwa kuonya dereva akiwa amefika daraja la 8, wala halilazimiki kuonya kabla ya hapo.

Tazameni basi. Wengi hudhani kikombe ni kama taa ya mafuta, kwamba ikiwaka bado una kilomita kadhaa za kutafuta kituo. Sivyo. Kikombe kikiwaka, dereva yuko ngazi moja tu kutoka mwisho. Saa ya kupumzika imeshapita, na kilichobaki ni kutafuta mahali salama pa kusimama, sasa hivi.

MAMBO AMBAYO GARI HALIWEZI

Magari mengi yanayokuja kwetu ni yale yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Mengi hayana chombo hiki, na yaliyo nacho hayawezi kila kitu.

Kwanza, vyombo vingi haviamki gari likienda polepole. Sheria ya Ulaya yenyewe inavidai vifanye kazi kuanzia kilomita 70 kwa saa. Katika barabara yenye mashimo gari huenda kilomita 40, na dereva aweza kusinzia bila kuonywa.

Pili, kamera ya mistari huhitaji mistari. Mahali ilipofutika, au kwenye barabara ya vumbi, haioni kitu. Matope juu ya kioo huizuia, na hata kibandiko kilichobandikwa mbele yake. Kioo cha mbele kikibadilishwa, fundi hana budi kuirekebisha kamera upya, la sivyo hutazama pembeni.

Tatu, chombo chaweza kuzimwa. Wako madereva wanaosema, "Hii kelele inanisumbua," wakabonyeza kitufe. Huko ni kumfunga mdomo mlinzi kwa sababu amepiga kelele mwizi alipoingia.

Nne, nalo ni kubwa kuliko yote: gari laweza kuuona usingizi, lakini kumlaza mtu haliwezi. Yako magari ambayo dereva asipojibu onyo hupunguza mwendo yenyewe na kusimama huku taa za hatari zikiwaka. Hayo nayo humsimamisha tu. Deni la usingizi hulipwa kwa usingizi, wala hakuna sarafu nyingine.

Tuseme neno na juu ya mabasi. Mabasi ya masafa marefu nchini Tanzania yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, ambacho mamlaka ya LATRA hukitumia kujua basi liko wapi na linakwenda kasi gani. Ni kifaa kizuri, lakini kinaona kasi tu, usingizi hakiuoni. Na kwa kuwa tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, macho ya abiria na ya kondakta bado yanahitajika sana.

DALILI ZA KUTAZAMA

Kama gari lenu halina kamera, ninyi ndio kamera. Anayekaa kiti cha mbele amtazame dereva. Hizi ndizo dalili:

- Anapiga miayo mfululizo, anasugua macho au uso.
- Kichwa kinashuka kisha kinainuka kwa ghafla.
- Mwendo unapanda na kushuka bila sababu.
- Gari linagusa ukingo wa lami au linavuka mstari wa katikati.
- Hakumbuki kijiji mlichopita sasa hivi.
- Anajibu maneno kwa kuchelewa, au amenyamaza na kutazama mahali pamoja.

Mkiona dalili mbili au tatu kati ya hizo, msingoje kikombe.

LA KUFANYA

1. Mwambieni dereva asimame mahali salama, kama kituo cha mafuta au kituo cha polisi, nje kabisa ya barabara. Kusimama ukingoni gizani ni kuleta ajali nyingine.

2. Kama ipo kahawa au chai ya rangi nzito, anywe kikombe kimoja, halafu alale hapo hapo dakika 15 hadi 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo itamkuta akiamka.

3. Akiamka, asiwashe gari mara moja. Atembee dakika kumi, anawe uso, kichwa kiache uzito.

4. Akisinzia tena baada ya hapo, safari imekwisha kwa siku hiyo. Aendeshe mwingine mwenye leseni aliyelala, au mlale mlipo.

5. Katika safari ndefu, simameni kila baada ya saa 2, angalau dakika 15. Na usiku wa kabla ya safari dereva alale saa 7 au zaidi.

6. Wote wafunge mikanda, hata wa viti vya nyuma. Mkanda ndio unaobaki kazini wakati dereva amelala.

Kufungua madirisha, kuongeza sauti ya redio, kumwagia maji kichwani na kutafuna karanga humshtua mtu kwa dakika chache tu, kisha usingizi hurudi. Mirungi na vidonge vya kukesha ni hatari zaidi. Humfanya dereva ajione hodari, na vikiisha nguvu humwangusha kwa ghafla.

DAWA NA KUKOROMA

Ziko dawa za kawaida zinazoleta usingizi. Dawa za mafua na mzio kama Piriton na promethazine, baadhi ya dawa za kikohozi, na dawa za kutuliza kama diazepam, zote zaweza kumlaza dereva. Ukipewa dawa, sema wazi, "Mimi ni dereva," tukuangalizie nyingine au tukueleze saa za kuinywa. Msiache dawa mliyoandikiwa bila kuuliza.

Pia wako watu wanaolala usiku kucha na bado mchana wanasinzia. Mara nyingi ni mtu mnene, anayekoroma kwa nguvu, kisha pumzi hukatika kwa sekunde kadhaa, halafu hushtuka kama aliyekabwa. Mwenyewe hajui, mkewe ndiye anayejua. Huo ni ugonjwa, na una tiba. Mama, ukisikia hivyo kwa mumeo ambaye ni dereva, mlete hospitalini.

DEREVA WA MSIBA ASIKESHE

Turudi kwenye kisa chetu, kwa sababu hapo ndipo sisi wauguzi tunapoona watu wengi wakiumia. Desturi zetu ni nzuri. Hatumwachi mfiwa peke yake, tunakesha naye, tunachimba kaburi kwa mikono yetu. Lakini yule atakayewarudisha watoto nyumbani tunamkesha kama wengine, halafu tunamtuma barabarani usiku.

Tunapendekeza hivi. Familia inapopanga msiba au harusi, pamoja na kupanga wapishi na wachimba kaburi, impange na dereva. Apewe godoro katika chumba cha pembeni, mbali na ngoma na vilio, na mtu wa kumlindia usingizi wake. Asionekane mvivu wala asiye na uchungu. Kulala kwake ndiyo kazi yake pale msibani. Na safari ya kurudi ianze asubuhi, baada ya wote kulala. Mwenye kazi Jumatatu aombe ruhusa mapema. Mwajiri naye aelewe.

Tunasema hivyo na kwa ajili yetu. Sisi wauguzi tukimaliza zamu ya usiku hupanda pikipiki kurudi nyumbani, na wengine wetu huziendesha wenyewe. Tumeanza kukubaliana kwamba aliyetoka zamu alale kwanza nusu saa katika chumba cha mapumziko kabla ya kushika usukani. Pikipiki haina kikombe cha kuonyesha.

Wenye magari, wiki hii nendeni kwa fundi au fungueni kitabu cha gari, mjue kila picha inayowaka kwenye dashibodi maana yake nini, kisha muwafundishe walio nyumbani. Yule mama wa kiti cha mbele alituambia kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao, "Sista, kama ningejua kikombe kile, ningemwambia mume wangu asimame." Sasa ninyi mmejua.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika safari yetu ya mwisho ya msiba, dereva alilala saa ngapi kabla ya kurudi?
2. Je, nani kati yetu atakuwa na ujasiri wa kumwambia baba au mjomba, "Tafadhali simama, umechoka"? Na yeye atampokeaje?
3. Gari tunalotumia lina chombo cha kuonya? Tumekizima?